Mgiriki Kabla Hajawa Mzungu

Majirani wa mtaa wetu wa Sakina, Arusha, walisema sitavuka hata mpaka wa Namanga. Nilivuka, nikafika Melbourne, nikachukua stashahada ya ufundi wa majokofu, na niliporudi nilikuwa nimewalipa wote walionikopesha nauli, wakiwemo walionicheka. Alibaki mmoja: Mama Eleni, mwenye nyumba wangu kule, aliyenilipia ada ya muhula nilipokwama. Alikataa pesa. Yeye alizaliwa chini ya Mlima Meru, na baba yake alipofariki, mama yake akamhamishia Melbourne akiwa na miaka saba. Alitaka picha ya kaburi la baba, tena upesi, kwani macho yake yanafifia.

Asubuhi ya kuondoka kwangu alinipa picha ya marehemu akiwa kati ya mibuni. Akaniambia kwamba zamani, shuleni Melbourne, wenzake walimwambia yeye si Mzungu. Siku hizi anahesabiwa Mzungu kila mahali.

"Walikubadilisha lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Hakuna aliyeniandikia barua."

Jumatatu, Arusha mjini. Nilianzia makaburi ya zamani ya Wazungu. Msimamizi alipekua daftari lote: Mjerumani, Mwingereza, Mwingereza. Jina halikuwemo.

Jumanne, Akheri, kijiji cha kahawa mteremkoni mwa Meru. Bodaboda ilinifikisha pale barabara ilipoishia, nikapanda kwa miguu. Bibi mmoja aitwaye Nanyaro alikuwa akimkatia ng'ombe wake mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini huku na viatu hivyo?"

Nikamwambia ni vya Melbourne, ila mimi ni wa Sakina, na kwamba natafuta kaburi la Mzungu mwenye shamba la kahawa.

"Hapa hajazikwa Mzungu."

Nilizunguka hadi jioni, nyumba kwa nyumba. Kote jibu lilikuwa hilohilo. Mtu mwingine angekata tamaa.

Jumatano nilirudi kwa bibi na ile picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Huyu si Mzungu. Huyu ni Mgiriki. Mbona hukusema?"

"Bibi, Mgiriki ni Mzungu."

"Labda sasa. Mzungu alikuwa Mwingereza. Huyu walimkataza klabu yao. Alikuwa akija hapa kukopa chumvi kwa mama yangu."

Akanipeleka nyuma ya zizi. Kaburi lilikuwa la saruji, safi kabisa, jina limechongwa kichwani, na juu yake ameanika maharage.

"Tunaliosha kila mavuno," akasema. "Na wewe, huko walikuitaje?"

"Kwenye fomu niliweka tiki kwenye Mweusi."

"Mmeru hawakuandika?"

"Hapakuwa na kisanduku."

"Basi ulikuwa kama Mgiriki."

Aliyaondoa maharage nipige picha, nami nikamweleza kuhusu Mama Eleni. Kisha akasema nimwambie huyo binti kwamba ile chumvi haijarudi mpaka leo.

Alhamisi, Sakina. Nilituma picha na ujumbe. Mama Eleni alijibu kwamba ameliona jina la baba kwa jicho la kushoto, na kwamba deni langu limekwisha, ila ninunue chumvi.

Ijumaa nilipanda tena Akheri na pakiti ya kilo moja, nikiwa nimevaa ndala. Bibi aliipima mkononi.

"Alikopa kidogo kuliko hii."

"Inayozidi ni riba, bibi."

Akaiingiza jikoni. Siku hiyo sikudaiwa na mtu yeyote duniani, na Mgiriki naye hakudaiwa. Niliposhuka nilisikia akimwambia jirani, "Ni yule Mzungu wa Sakina. Ameleta chumvi."