Siku Wanawake wa Susuni Walipoingia Shambani Kwetu

Wiki iliyopita mvua ilinyesha sana hapa Nkende, na asubuhi jirani yangu akaanza kufyeka mashona nguo yaliyojaa nyuma ya ukuta wake. Harufu ikanifikia jikoni: magugu mabichi yaliyokatwa, yamechanganyika na udongo uliolowa. Nikasimama na kijiko mkononi. Chai ikafurika, ikazima jiko, nami nikabaki nacheka peke yangu. Maana harufu hiyo, ndugu yangu unayesoma, haijui kuniacha nikiwa mtu mzima. Hunirudisha Susuni, niko darasa la tatu, miguu mitupu, namkimbilia mama, na mama naye anakimbilia shamba huku ameshika tumbo.

Sisi hatukuwa watu wa Mara. Mama alikuwa nesi, mzaliwa wa Songea, aliyepangiwa kazi kwenye zahanati ya kijiji. Baba alikuwa mwalimu upande wa Serengeti, na tulimwona mwisho wa mwezi tu, akiteremka kutoka kwenye lori na mfuko wa karanga begani.

Siku za mwanzo mama aliteseka. Si kwamba kuna mtu aliyemtesa, zilimtesa sauti. Kwao watu huongea chini chini, kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Pale Susuni mtu akimsalimia mwenzake ng'ambo ya bonde, ungedhani anafukuza mwizi. Na hawakusema "naomba maji". Walisema, "Leta maji!" Wakishakunywa walikushukuru kwa kukupiga bega mpaka unayumba. Mama akawa anafunga mlango mapema. Akanikataza kula kwa watu. Na kila jioni, akikanda miguu yake iliyovimba kwa ujauzito, aliniambia kwamba mtoto akizaliwa tu, ataomba uhamisho.

Mimi sikutaka kuhama. Nilikuwa na Bibi Robi.

Bibi Robi alikuwa jirani yetu, mjane mrefu mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa zikarefuka mpaka zikawa zinacheza anapotembea. Jina langu hakulipenda, alisema halina uzito, akanipa la Kikurya: Nyangi. Kwa jina hilo nilikula kwake kila mchana mama akiwa kazini, ugali mweusi wa wimbi na muhogo, kwa mlenda, na nikafuta mdomo vizuri kabla ya kurudi nyumbani. Kwake mtoto yeyote aliyepita njiani wakati wa chakula aliitwa, akanawishwa, akakalishwa. Hakuulizwa ni wa nani. "Njaa ya mtoto haina baba," alisema Bibi, akimega tonge.

Ni yeye aliyemwazima mama kipande cha shamba, bila hata kuombwa. "Daktari," alimwambia, maana kwa Bibi kila aliyeshika sindano alikuwa daktari, "utakula mahindi ya sokoni kama msafiri mpaka lini? Panda."

Mama akapanda mahindi na maharage. Yakaota vizuri. Halafu, palizi ilipofika, mimba ikaanza kumsumbua, na mganga wa zahanati akamwamuru alale kitandani, asiguse hata ndoo. Mvua nazo zilikuwa hazina adabu mwaka ule. Magugu yakapanda mpaka mahindi yetu yakawa kama watoto waliopotea sokoni. Mama alikuwa akiyatazama kupitia dirishani na kuugua, si kwa maumivu. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba shamba la kuazima likiachwa liwe pori, mwenyewe hulichukua, na aibu hubaki na aliyeazimwa.

Basi Jumamosi moja, jua halijapanda vizuri, tukasikia kelele. Sauti za wanawake wengi, vigelegele, vyuma vikigongana.

"Funga mlango," mama akaniambia. "Kuna ugomvi."

Nikachungulia. Njia nzima ilikuwa imejaa wanawake wenye majembe begani, kanga zimefungwa viunoni, na mbele yao Bibi Robi. Hawakupita. Walikata kona, wakaingia shambani kwetu.

"Mama, wanaingia kwetu!"

Mama akashuka kitandani. Sijui nguvu alizipata wapi. Akajitanda kanga, akatoka mbio na lile tumbo lake, mimi nyuma. Alipofika mpakani mwa shamba akasimama akihema, machozi yanamlengalenga.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi Robi. "Najua shamba ni lako. Lakini naomba, nisubirini nijifungue. Nitalilima mwenyewe. Msilichukue sasa hivi."

Bibi Robi akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa Kikurya. Mwenzangu, kicheko kilichopasuka pale! Wanawake waliegemea majembe, mmoja akakaa kabisa kwenye matope. Bibi peke yake hakucheka.

"Nani amekutoa kitandani?" alifoka. "Tumekuja kupalilia! Nyangi, leta kigoda, mama yako akae. Na maharage ya kuchambua, asije akasema amekaa bure."

"Lakini sijapika chochote," mama akasema. "Watu wote hawa, sina hata uji."

"Wamebeba uji wao. Hii ni risaga, Daktari. Leo kwako, kesho kwa mwingine. Jembe halina kabila."

Hivyo ndivyo mama alivyojua risaga, na mimi pia: wanawake wa upande ule walipeana siku, wakaenda wote shamba la mmoja, kisha la mwingine, mpaka palizi iishe kwa kila mtu. Walijipanga mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka pamoja, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakimjibu. Magugu yakawa yanalala nyuma yao, na ile harufu ikafunika bonde. Tulipewa sisi watoto kazi ya kukung'uta udongo kwenye mizizi, na tulikung'utiana wenyewe kwa wenyewe zaidi.

Jua lilipokaza wakapumzika, vibuyu vya uji vikazunguka. Hapo ndipo mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa, akaanzisha wimbo wa palizi wa kwao Songea, kwa Kingoni, kwa sauti ndogo. Wanawake wakanyamaza kumsikiliza. Kisha wakaudaka. Maneno waliyavunjavunja vibaya sana, lakini kiitikio walikipaza mpaka nadhani kilisikika Sirari. Mama akacheka, akaimba kwa nguvu zaidi, na kufikia mchana alikuwa anafoka kama wao: "Wewe, umeruka mstari! Rudi!"

Mtoto alizaliwa mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Mama akamwita Robi. Mngoni mtupu, jina la Kikurya. Baba alipofika mwisho wa mwezi alilitamka mara kadhaa, akalizoea. Habari za uhamisho sikuzisikia tena. Mama alifanya kazi Susuni mpaka akastaafu.

Msimu ule, nikitoka shule, nilimkuta Bibi Robi kila jioni peke yake shambani kwake, ameinama katikati ya magugu marefu. Nilimsalimia, akanikatia muwa, nikaenda zangu natafuna. Nilipomwuliza kwa nini halimi na wenzake, alisema jembe humpa usingizi mzuri. Nikaamini. Nikawaambia na wenzangu kwamba hakuna mtu anayependa kulima kama bibi yangu.

Mwaka jana nilikutana na Wankyo, binti yake, harusini. Tulikumbushana siku ile, tukacheka mpaka tukashikana mikono. Kisha akasema, bila uchungu wowote, "Unajua ilikuwa zamu yetu? Jumamosi ile walikuwa waje kwetu. Asubuhi mama akawageuza njiani waje kwenu, na zamu ukishaitoa hairudi mpaka msimu mwingine. Nilinung'unika, akaniambia, 'Sisi tuna mikono miwili miwili. Yule ana kitanda.' Mwaka ule tulivuna kidogo sana."

Nilimpigia mama simu palepale, katikati ya ngoma, nikamsimulia kwa kupaza sauti. Akaniambia kwamba alijua. Aliambiwa zahanati wiki iliyofuata, alipokwenda kupimwa.

"Ndiyo maana nilibaki, mwanangu," alisema. "Ungemwacha mtu kama yule uende wapi?"