Mkalimani Aliyekataa Jino Langu Ling'olewe

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Tanga. Binti mmoja ndiye aliyenipa habari: dada yake, yule mkalimani wetu aliyeishi nasi hapa Guangzhou, China, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, amefariki na wameshamzika. Nilikuwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, mlangoni kwa wakala wa mizigo. Tangu siku hiyo, kila nikipita mtaa ule namtafuta kwa macho: mwanamke mfupi mwenye mtandio, anayetembea haraka huku akizungumza Kichina kwenye simu kama aliyezaliwa nacho.

Wengi walimjua sokoni, akiwasaidia kupatana bei ya vitambaa. Mimi nilimjua hospitalini. Gego langu la chini lilikuwa limetoboka, shavu limevimba, na wiki ileile nilitakiwa kusafiri. Nilipoketi kwenye kiti cha daktari nikamwambia dada, "Mwambie aling'oe, yaishe."

"Hilo silitafsiri, kaka yangu, mpaka nimuulize kama linaokoleka."

"Jino ni langu!"

"Ni lako, ndiyo maana nauliza."

Wakazungumza kirefu juu ya picha ya eksirei, kisha akanigeukia. "Anasema kilichooza ni kiini cha ndani. Mizizi bado imeshika vizuri kwenye mfupa. Atakupiga ganzi, atoboe kwa juu, akitoe hicho kiini, asafishe ndani ya mizizi mpaka chini, aweke dawa. Ukirudi ataijaza na kuziba, halafu alivike kofia ngumu ya kulilinda. Utalitafunia kama mengine."

Niliahirisha safari. Akaja nami mara zote tatu, na siku ya kwanza, tukisubiri ganzi ishike, akanieleza sababu ya ukaidi wake. Usichanani aling'olewa magego mawili kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine. "Mpaka leo natafunia upande mmoja," alisema, akacheka huku ameziba mdomo kwa mtandio.

Siku hizi wafanyabiashara wetu hawahitaji mkalimani. Unaisemesha simu, inamsemesha Mchina, mnaelewana. Mimi pia natumia, na sokoni inanitosha. Lakini siku ile simu ingelitafsiri neno langu sawasawa, papo hapo, nami ningetoka na pengo. Yeye alijua kwamba mtu mwenye maumivu huomba yaishe tu, na kwamba kazi yake ilikuwa kunipa nafasi ya kuchagua. Naikumbuka sauti yake ikigeuka kutoka Kichina kuja Kiswahili, taratibu, ili nisipitwe na kitu.

Mdogo wake aliniambia jambo moja zaidi. Dada yake alikuwa akiumwa tumbo kwa miaka miwili na hakumwambia mtu. Alipokwenda hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Katika miaka hiyo miwili nilimpigia huko Tanga mara nyingi, na kila mara nilikuwa na shida yangu: barua ya Kichina ya kunisomea, daktari wa kumuuliza kwa simu. Alinisikiliza, akanisaidia, nikakata simu. Wasomaji wangu, kila mmoja wetu ana mtu wa namna hii, anayewauliza wengine wanaumwa wapi. Mkimpigia leo, muulizeni kwanza hali yake. Akijibu kwamba ni mzima, muulizeni tena.