Farangis hataki wajiite binamu tena

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Denizli, Uturuki. Farangis Rostami anamimina chai huku akiwakazia macho vijana wawili walioketi kwenye zulia lake.

"Haya, mimi ndiye afisa. Huyu ni nani wako?"

"Binamu yangu," anajibu Keyvan, akiinamisha kichwa.

"Binamu! Binamu gani mnagombania blanketi moja miaka minne?"

Behruz anaangua kicheko. Keyvan hacheki. Saa nne watahojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi.

Farangis, 48, hushona mataulo kiwandani. Siku zake za mapumziko huwasaidia Wairani wenzake waliokimbia kwao kwa sababu wanapenda watu wa jinsia yao. Huwazoeza kueleza maisha yao bila kuficha, kisha huwasindikiza hadi mlangoni. Amekwisha kuwasindikiza 31. Kumi na tisa sasa wanaishi Kanada.

"Dada Farangis, mkalimani ni Mwirani," Keyvan ananong'ona. "Je, akiwa anamjua baba?"

"Amekula kiapo cha kutunza siri. Lakini hofu yako naijua. Ndiyo iliyoniponza."

Miaka saba iliyopita, yeye na Golnar, mwenzi wake tangu wakiwa Shiraz, Iran, walijiandikisha kama binamu. Yakafunguliwa majalada mawili, kila mmoja na lake. Golnar akapelekwa Kanada, Farangis akabaki.

"Kituo cha basi niliogopa hata kumkumbatia," anasema. "Uongo ule ulitulinda nyumbani. Huku ukatutenganisha."

Keyvan anaisukuma chai yake kando bila kuionja.

Saa saba wanatoka ofisini. Behruz ametangulia, macho mekundu.

"Kasema! Dada, kasema mwenyewe!"

Keyvan anakaa ukingoni mwa barabara kwanza. "Mkalimani alikuwa mama mtu mzima," anasimulia. "Sauti ilinikauka. Akanisogezea maji, akaniambia, 'Polepole, mwanangu, nakusikiliza.' Nikasema: huyu ndiye mpenzi wangu."

Majalada yao yataunganishwa. Hakuna aliyewaahidi tarehe wala nchi, na wapo waliosubiri hadi mvi zikawaota. Lakini wakiitwa, wataitwa pamoja.

Farangis naye alikwisha kurudi ofisini kusahihisha maelezo yake. Ilimchukua miaka mitatu kuaminiwa. Mwezi uliopita aliitwa kupimwa afya, hatua ya mwisho kabla ya safari ya Kanada, na Golnar, huko Winnipeg, ameshanunua koti la pili la baridi.

"Nikienda, nani atabaki na hawa?" anauliza, kisha anamgeukia Keyvan. "Jumapili anakuja binti mmoja kutoka mji wa Ahvaz. Anasema mpenzi wake ni dada yake. Utamfundisha wewe."

"Mimi? Dada, nimesema mara moja tu, tena nikitetemeka!"

"Ndiyo maana," anasema Farangis. "Mwanzie hapo kwenye kutetemeka. Atakuamini."