Mahameli ya Winnie Rusk

Imelda Bettencourt alikuwa na mkasi mzuri, lakini wateja hakuwa nao. Mimi nilikuwa natengeneza viatu kwenye nusu moja ya chumba chetu cha Mtaa wa Haight, yeye na cherehani yake nusu ya pili, na mwaka ule wa sitini na saba kila apitaye dirishani alikuwa amevaa nguo za sandukuni mwa bibi yake. Nani angeshonesha mpya? Mama yake, Dona Filomena, mshonaji wa magauni ya harusi kule Oakland, mji wa jirani, alishamwambia: mwisho wa Juni ukifika hajajulikana, arudi kutia lulu kwenye magauni. Imelda alizichukia lulu kama homa.

Basi akaingia Winnie Rusk! Jamani, Winnie mwenyewe, mwimbaji mwenye sauti ya kukwaruza. Akifunga utepe kichwani Jumatatu, Jumanne mtaa mzima wameufunga. Alibeba pazia la mahameli rangi ya zabibu, kutoka jumba la sinema lililobomolewa.

"Dada, nishonee suruali ya bugaluu. Iwe pana chini, nikirusha teke ipepee."

"Unaitaka lini?"

"Jumamosi. Naimba bustanini."

"Leo Alhamisi!"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Imelda hakulala. Jumamosi saa sita mchana tulisimama kwenye nyasi kati ya maelfu ya watu, mioyo juu. Winnie akapanda jukwaani, jua likampiga, nami nikaona suruali ina mguu mmoja wa zabibu iliyoiva na mwingine umepauka, kama si kitambaa kimoja.

Mahameli ina manyoya, na manyoya hulala upande mmoja. Ukigeuza kitambaa, rangi nayo inageuka. Mtoto wa fundi hulijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Imelda alinibana mkono mpaka nikapiga kelele. "Rudy, nimekwisha! Mguu wa kushoto nimeukata kichwa chini!"

"Hakuna atakayeona."

"Mama ataona!"

"Mama yako yuko Oakland."

"Ataona kutoka huko huko!"

Wimbo ulipoisha akachomoka, huyo mpaka chini ya jukwaa. "Winnie, vua hiyo suruali!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Winnie akaitazama miguu yake, huu kisha ule, akachukua kipaza sauti. "Kumbe ndiyo maana huu wa kushoto unacheza kuliko mwenzake! Sivui ng'o. Fundi wangu ni huyu hapa, Imelda, yuko kwa mtengeneza viatu Mtaa wa Haight!"

Jumatatu sikuweza kuufungua mlango wangu mwenyewe. Wasichana walijipanga hadi kwenye kona, na mapazia ya mahameli, na vitambaa vya makochi, mmoja kambeba paka ndani ya tandiko la mahameli la kitanda cha mama yake. Wote neno moja: "Kama ya Winnie. Mguu mmoja uwe umekosewa." Nilifurahi nusura nicheze!

Imelda alinuna siku nzima. "Miaka kumi nimefundishwa nisikosee," alilalamika, huku anakata. Kufika Jumatano akawa anaimba.

Alhamisi, Juni ikiisha, akaja Dona Filomena, na mkoba wake mweusi. Akapita katikati ya foleni bila salamu, akachukua suruali moja mezani, akaipapasa mguu mmoja kushuka, wa pili kushuka.

"Umekata kinyume."

"Ndiyo, Mama."

"Nimesikia ya kwanza ilikuwa kosa. Hii ni ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

"Na hii nayo ni kosa?"

Imelda akaweka mkasi chini. "Hapana, Mama. Hii ni yangu."

Mama akamkazia macho, kisha akavua koti. "Foleni yote ile utaimaliza lini peke yako? Lete kitambaa."

Akakitandika, akainua mkasi, akasita. Alikuwa amekitandika sawasawa, manyoya yote upande mmoja. Akakitoa, akakitandika tena, na tena kikalala sawasawa vile vile.

"Mkono unakataa," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana haya. "Miaka arobaini, mwanangu. Haujui kukosea."

Imelda akazunguka meza, akaishika mikono ya mama yake, wakakigeuza kitambaa pamoja.

"Hivi, Mama," alisema. "Haya, kata."