Kijiti cha Kupimia Kadi ya Gemu

Mungu anisamehe, juzi nilimshauri mtu jambo nisilolijua. Katika duka la kompyuta Kilosa, dada mwenye banda la gemu kule Mikumi alikuwa akichagua kadi ya picha ya kompyuta yake, ile inayoipa nguvu ya kuchezesha gemu, huku akichungulia barabarani asije akaachwa na basi. Muuzaji akaisifia kadi moja ndefu.

"Chukua hiyo, mwanangu, ndiyo yenye nguvu," nikadakia.

Dada akatoa kijiti alichopimia nafasi ndani ya boksi la kompyuta yake, kama tunavyompimia mtoto kiatu. Kadi ilikipita kwa vidole viwili.

"Shikamoo mzee. Hapa kitu kikiuzwa hakirudi. Ikigoma kuingia, wanangu utawalisha wewe?"

Akanunua fupi, ya nguvu ya kati, akakimbilia basi. Marahaba niliiitikia akiwa ameshatoka.

Wasomaji, mkinisikia nikidakia tena dukani, naomba mniambie ninyamaze.