Zamu Yangu ya Kutalii Washington

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuwachukua wageni kutoka Karatu, kuwapeleka kreta kuona wanyama, na kuwarudisha wakiwa na vumbi na furaha. Siku ya kuagana kila mmoja hunishika mkono na kusema, "Damiano, nawe siku moja uje kwetu." Hakuna aliyewahi kuniachia anwani. Mwenye anwani ni mdogo wangu Paulina, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa Marekani, akihudumia wazee. Mwezi wa nne, masika yalipokata barabara na wageni wakakauka, alinitumia tiketi. "Kaka, njoo uone ninapoishi," aliandika. Mama akaongeza agizo lake: "Ukamwangalie kwa macho. Salamu nimechoka nazo."

Uwanja wa ndege wa Dulles, saa kumi jioni. Afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu, "Kutalii." Akaniangalia, akaangalia pasi, akaniangalia tena. Sikumlaumu. Simba akikodi gari aje kuangalia watu, nami ningemkagua hivyo hivyo.

Germantown, kwa Paulina, asubuhi ya kwanza. Paulina alishatoka kwenda kazini. Nyumba za mtaa huo zimeshikana mabega kama mabehewa ya treni, na mbele ya kila mlango kuna nyasi ambazo hazijawahi kukanyagwa na mtu wala mbuzi. Nilivaa viatu nitoke. Njeri, Mkenya anayepanga na Paulina, akanisimamisha mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Unaenda wapi na miguu?"

"Kutembea."

"Kutembea hadi wapi?"

"Kutembea tu."

"Wueh! Huku mtu hutembea akiwa na mbwa. Kama hauna mbwa, wanakuchungulia kwa dirisha wakijiuliza unatafuta nini."

Nilitembea hata hivyo. Kwa nusu saa nilikutana na mbwa wawili waliovaa sweta na mtu mmoja aliyekuwa akiongea peke yake, mpaka nikaona waya sikioni. Mapazia matatu yalitikisika. Huko kwetu nimewahi kumweleza mgeni namna ya kutambua kwamba wanyama wamekuona kabla hujawaona. Sasa najua wanyama walivyojisikia.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi. Paulina alipata mapumziko, akaniamsha na orodha. Tuliacha gari stesheni ya Shady Grove, tukapanda treni hadi katikati ya jiji. Katika miaka yote hiyo alikuwa amefika huko mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kumsindikiza mtu kupiga picha na joho lake la chuo. Lakini aliniendesha kama anayezijua njia za mkato. "Bunge hilo. Simama hapo. Tabasamu. Twende." Ikulu tuliitazama kupitia uzio, nikaona kwamba kwenye televisheni huwa inanenepa. Kila mtu pale alikuwa akikimbia na orodha yake, akikipa mgongo alichokuja kukiona ili apige picha ya uso wake. Niliwajua wote. Ni wale wale wanaoniuliza saa mbili asubuhi kama faru tutampata kabla ya chakula.

Saa saba mchana, karibu na mnara mmoja mweupe. Kwenye benchi alilala mzee chini ya blanketi la kijivu, kando yake toroli la dukani lililojaa mifuko. Moyo wangu, nakiri, ulifurahi. Miaka yote hiyo nimewatazama wageni wakishusha vioo kupiga picha watoto wetu wenye kamasi. Nikasema, hii ndiyo picha ya kupeleka Karatu! Nikasogea, nikapiga.

"Nimetoka vizuri?" mzee akauliza kwa Kiingereza, macho bado kayafumba.

Nikaomba radhi.

"Umetoka wapi?"

"Tanzania."

"Huko mnapigana picha mkiwa mmelala?"

Nikasema hapana. Sikusema kwamba wanaopiga huwa nawaleta mimi.

"Nionyeshe."

Nikampa simu. Akaitazama kwa muda, akaketi, akajipangusa ndevu. "Viatu havionekani. Hivi ni viatu vizuri. Futa hiyo, upige upya." Akakunja nne, akainua kidevu kama waziri. Nikapiga. Akaniambia anaitwa Russell, na kwamba nikiwaonyesha watu picha hiyo nisimwite maskini, niseme ni Russell. Nikaahidi.

Nilipogeuka, Paulina alikuwa mbali, ametupa mgongo. Nilidhani ameona aibu kwa ajili yangu. Tukaketi kwenye nyasi.

"Kaka, ungepita na simu yako mwaka wangu wa kwanza, ungenipiga picha mimi," akasema.

Mwenyeji aliyempokea alimwambia chumba kinahitajika. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na gari bovu la kwendea kazini, akalala humo wiki tatu, kwenye maegesho ya duka kubwa. "Mchana naogesha wazee kwa maji ya moto. Mimi naogea kwenye sinki la kazini, mlango nimeuzuia kwa mguu. Nyumbani niliwaambia simu imeharibika."

Wiki zile tatu mimi nilikuwa namlalamikia kwa watu kwamba Amerika imempandisha kichwa.

"Mama asijue," akasema.

"Hatajua."

Karatu, wiki mbili baadaye. Nilimkalisha mama, nikamwonyesha picha. Nilimwongoza kama ninavyoongoza wageni: hili bunge, hii ikulu, huyu Paulina mbele ya mlango wake, huyu Russell. Pale pabaya, penye siri ya Paulina, nikapita bila kupunguza mwendo.

"Mwaka ule wa kwanza," mama akasema, "simu ilipoharibika wiki tatu. Alikuwa analala wapi?"

Mgeni akiniuliza kwa nini twiga ana ulimi mweusi, jibu ninalo. Hili nililijibu kwa swali.

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Simu iliporudi, sauti yake ilikuwa imekonda."

Nikamwambia. Hakulia. Aliniamuru nipige simu saa hiyo hiyo. Kwetu ilikuwa saa nane mchana, kwao saa moja asubuhi, na Paulina alikuwa barabarani akienda kazini.

"Paulina," mama akasema bila salamu, "ile baridi, ulijifunika nini?"

Tukasikia akiegesha gari. Kisha sauti ndogo: "Makoti, mama. Mawili."

"Mawili hayatoshi."

Mama akainuka na simu yangu, akatoka nayo uani, akafunga mlango. Walizungumza mpaka chaji ikakaribia kuisha. Waliyosemezana sijaambiwa hadi leo. Simu iliporudi mikononi mwangu, Paulina bado alikuwepo, pua imeziba.

"Kaka, wewe ni mwongoza watalii mbovu. Umeambiwa sehemu hiyo haiingiliki, na bado umeingiza mtu."

"Mgeni alilazimisha," nikamwambia.