Namba ya Kiilu kwenye Kava

Mzee Kiilu alikuwa fundi wa magari pale mji wa Kabati. Kazi alijifunzia kwa malori, Mtito Andei, tangu miaka ya sitini. Gereji yake ni uwanja tu nyuma ya duka la mbegu. Na alikuwa mtu wa polepole sana. Mimi watu wa polepole wananikasirisha, lakini huyo nilimvumilia.

Pikapu ya dizeli niliyoendesha ilikuwa ya Abdinoor, mfanyabiashara wa ndengu, yaani choroko, kule Kyuso. Mwaka wa tisini na moja, nikipeleka magunia Kitui, injini ikazima ghafla. Nikivuta stata, inazunguka mbio kama haina kitu ndani. Trekta ikanivuta hadi kwa Kiilu.

Akafungua mbele ya injini. Belti ya taimingi, ule mpira wa meno unaofanya valvu zitembee pamoja na pistoni, ilikuwa imekatika.

"Una bahati," akasema akishafungua na juu ya injini. "Roka mbili, hivi vyuma vya kusukuma valvu, zimevunjika, valvu zimepona. Hii belti imetembea kilomita ngapi?"

"Si uangalie dashibodi? Elfu themanini."

Akakunja kile kipande, kikapasuka kama ngozi kavu. "Elfu themanini za wapi, Muthama? Za mbinguni?"

"Mzee, nimeleta gari ama nimeletwa kotini?"

Akacheka tu, akaendelea kuosha vyuma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nachomoa waya wa spidi, namba ya dashibodi isisonge. Nikipata mizigo yangu ya pembeni nachomoa, nikimaliza narudisha. Abdinoor aliangalia namba kila Ijumaa, akaridhika. Belti ilitakiwa kubadilishwa ikifika laki moja, na kwa dashibodi haikufika. Sasa nikisema, kazi imeenda, na bibi yangu Ndinda alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kiilu alikuwa na mazoea yake. Kila belti aliyofunga, aliandika kilomita na jina lake kwa rangi nyeupe, hapo kwenye kava ya belti. Mafundi wa Kitui yote waliamini hiyo namba.

Kesho yake akafunga belti mpya, akapanga alama za taimingi, akazungusha injini kwa spana raundi mbili akisikiliza. Akarudisha kava. Abdinoor akawa amefika kuchukua gari. Kiilu akachovya brashi.

"Muthama, niandike ngapi?"

"Andika ya dashibodi, bwana!"

"Hiyo siandiki. Dashibodi haihesabu zote; fundi mwingine akiifuata atachelewa kubadilisha, na injini ikufe. Na jina hapo ni langu."

Abdinoor akatuangalia. "Kuna nini?"

Damu ilinipanda, nikataka kupiga lile kopo la rangi teke. Lakini Kiilu hakunishtaki. Alisimama tu na brashi yake, rangi inadondoka kwa kiatu, ananingoja mimi.

"Laki moja na elfu hamsini, bosi," nikasema. "Nilikuwa nachomoa waya."

Abdinoor akachungulia dashibodi, akarudi.

"Andika laki na hamsini, na dashibodi nitaleta irekebishwe ilingane," akamwambia Kiilu.

Kiilu akaandika, akapuliza ikauke. Abdinoor akachukua ufunguo mwenyewe. Injini ikashika mara moja.

"Wewe panda nyuma, ukae na ndengu," akaniambia. "Miezi mitatu ni tanboi, kupakia na kupakua. Usukani tutaongea baadaye."

Nikapanda juu ya magunia. Kiilu alikuwa ameshainama kwa trekta ya mtu mwingine.